Mguu wa Kulia

Kiwanda cha minofu hapa Igogo kimesimama tangu saa nane usiku.
Bomba la maji baridi limepasuka kwenye kiwiko,
chuma cha pua, unene wa milimita moja na nusu,
na tani nne za sangara zimelala juu ya barafu inayohesabu dakika.
Nje korongo wamejipanga ukutani kama wadai.

Nimekalia kreti ya samaki iliyopinduliwa.
Nainoa tungsteni kwenye jiwe, kwa urefu wake,
mikwaruzo ikimbilie nchani, isizunguke kiuno.
"Ukiizungusha," alisema fundi Lushinge, "na moto utazunguka,
kama mlevi anayepapasa mlango wa jirani."

Kabla ya moto, hewa.
Agoni inatoka na mluzi mwembamba,
inaifukuza pumzi ya ziwa
pale mshono utakapolala.

Halafu kuwasha.
Vijana wa mageti kule Mabatini huwasha kama kibiriti:
kwaruza, chwaa, cheche hadi ndani ya soksi.
Mimi siruhusiwi kugusa.
Ncha inakaa juu ya chuma, pengo la punje ya ulezi,
inakaribia,
haifiki,
mguu unashuka kidogo tu,
kitu kinalia kama mbu ndani ya chupa
na umeme unaruka pengo wenyewe.

Nilichelewa sana kuelewa.
Mara kumi kwa siku niliichovya tungsteni dimbwini,
ikatoka na tone kichwani, imechafuka,
nikarudi kwenye jiwe, Lushinge akitazama pembeni
kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi.
Siku moja akauliza: kabla ya hapa ulikuwa wapi?
Nikamwambia Mlango Mmoja, na mama, Bi Nyanzobe,
cherehani ya miguu, tunapunguza suruali za mitumba.
Akacheka mpaka akaketi chini.
"Kumbe mguu unao! Mkono unaulilia nini?"

Basi tangu siku hiyo ampea kwangu ni vitambaa.
Themanini ni jinzi.
Hamsini ni kitenge kipya, bado kina wanga.
Thelathini ni shela la bibi harusi,
hapo unakanyaga kama unayepita chumba cha mtoto aliyelala.

Nafinya. Dimbwi linafunguka, duara la dengu, linang'aa.
Ufito unachovya, unatoka. Unachovya.
Mtambo wa barafu unaamka upande wa pili wa ukuta,
umeme unayumba, dimbwi linakunja uso,
na mguu umekwisha kujua kabla yangu,
umeshuka nywele moja,
dimbwi limetulia.

Mwisho ndio mgumu.
Ukiinua mguu mara moja, chuma kinaganda kikiwa bado kinasema,
kinabaki shimo, na ndani ya shimo ufa kama nyota,
mdogo, huuoni leo.
Maji yatauona.
Kwa hiyo unaachia polepole: hamsini, thelathini, kumi,
unarudi hatua moja nyuma, unakifunika kidonda,
ndipo unazima.

Mlango Mmoja sikuondoka hivyo.
Niliinuka asubuhi moja, sindano ikiwa ndani ya pindo,
mguu juu, kwaheri,
mama akabaki ameshika nguo kwa mikono miwili.

"Tayari?" msimamizi anauliza, buti zake zinapiga maji sakafuni.
Bado.
Moto umekufa lakini tochi haiondoki,
gesi inaendelea kupuliza, sekunde nane,
juu ya chuma chekundu kisichojua kujikinga.
Nahesabu kwa Kisukuma, kama alivyohesabu mama vifungo.
Ukivua kofia mapema, mshono unageuka mweusi, mkavu, kama mkaa.
Huu umetoka na rangi ya mabua ya mpunga.

Sasa tayari. Fungulieni maji.

Naweka kidole chini ya kiwiko, nasubiri.
Pakavu.
Saa kumi na mbili na robo, Mlango Mmoja wanafungua vibanda.
Kwa miguu si mbali.